Hisabati si Urithi wa Wavulana

Ni jambo la kawaida, na tena la kusikitisha, kumsikia mwalimu wa Ngara au Biharamulo akisema kwamba wasichana hawana kichwa cha hesabu. Husemwa darasani, husemwa katika vikao vya wazazi, hata msichana mwenyewe huyakariri maneno hayo kana kwamba ni matokeo ya mtihani.

Wasemao hivyo hawana budi kutueleza habari za Profesa Verdiana Masanja. Huyu hakuzaliwa Ulaya. Alizaliwa Bukoba, katika mkoa huo huo wa Kagera, mwaka 1954, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Alisoma Jangwani, Dar es Salaam, akapata shahada ya kwanza ya hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976 na ya uzamili mwaka 1981. Kisha akaenda Berlin, na huko akawa Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa hisabati.

Alichunguza nini? Mwendo wa vimiminika vizito ndani ya bomba la mviringo; vile ambavyo wepesi wake hubadilika kwa kadiri vinavyosukumwa. Msichana wa Rulenge akorogaye uji kila alfajiri anajua kwa mkono wake kwamba uji hautiririki kama maji. Profesa aliitafutia tabia ya namna hiyo milinganyo.

Baadaye alifundisha Rwanda, pamoja na Kibungo, mji usio mbali na daraja la Rusumo. Majirani zetu walimfaidi. Sisi wa upande huu wa mto hata jina lake wengi hatulijui!

Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, ni kama mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu hisabati nchini kote, wavulana wakiwamo. Hicho kichwa chao cha hesabu kilikuwa wapi? Tofauti ni kwamba jioni mvulana hupewa taa na daftari, na dada yake hupewa ndoo.

Wathibiti ubora wa shule wafikapo Kabanga au Nyakahura wasiishie kukagua maazimio ya kazi na maandalio ya masomo. Waketi nyuma ya darasa kipindi kizima cha hisabati, wahesabu ni wasichana wangapi walioitwa ubaoni, na idadi hiyo waiandike katika taarifa.