Miji ya Kale ya Usambara na Mwaka 1863

Kila aandikapo mtu katika nchi yetu juu ya miji ya kale, kalamu yake haikawii kuteremka pwani: Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akastaajabia uzuri wake, Bagamoyo, na katika mkoa wetu wenyewe wa Tanga, Pangani, na Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya Mashirazi yapatayo arobaini, mengine yakiwa yamesimamishiwa nguzo za mawe. Sifa hizo ni haki ya pwani, wala sina nia ya kuipunguzia hata chembe. Ninalotaka kulisema ni jingine: kwamba sisi tukaao milimani, watu wa Gare na Lushoto, wa Mlalo, Vuga na Mtae, tumezoea kujihesabu kuwa watu wasio na mji wa kale, na kwa kujihesabu hivyo tunaibomoa kwa mikono yetu wenyewe miji ya kale tuliyo nayo.

Sheria nayo haikutusaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo ngao ya athari zetu zote, hulihesabu jengo kuwa kumbukumbu maadamu limejengwa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Na lililojengwa baada ya hapo halipati himaya hiyo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Mpaka huo wa miaka una sababu zake, kwani sheria isiyo na mpaka haitekelezeki. Lakini tazama jinsi unavyotuangukia sisi. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyeitwa Simba Mwene, ambaye katika zama zake amri ya Vuga ilitoka milimani ikafika hata karibu na bahari, alifariki mwaka 1862 kwa hesabu ya wanahistoria. Basi yote yaliyojengwa katika maisha yake yamo ndani ya sheria, ila yalijengwa kwa fito, udongo na majani, nayo hayapo tena. Na yote yaliyojengwa kwa mawe na matofali, ambayo yapo na tunayaona, yalikuja baada ya mwaka uliotajwa, na sheria haiyajui mpaka iombwe. Tumelindiwa tusicho nacho.

Vuga ilikuwa mji, tena mji wa makao ya enzi. Mmisionari Ludwig Krapf alipanda kwenda huko mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akapokewa na Kimweri mwenyewe. Na msafiri Richard Burton, aliyefika pamoja na mwenzake Speke mwaka 1857, aliandika juu ya nyumba zipatazo mia tano za mviringo, zilizosukwa kwa fito na kufunikwa majani ya migomba, zikipigwa udongo kwa ndani. Mji huo uliteketea kwa moto mwaka 1898. Mwenye kusimama leo juu ya kilima kile hataona ukuta, wala lango, wala nguzo, naye mgeni asiyejua huteremka akisema hapakuwa na kitu. Ilhali habari za Vuga, tangu Mbegha, mwanzilishi wa enzi hiyo, alipokuja kutoka Nguu na kukabidhiwa nchi, zimeandikwa kwa Kiswahili fasaha na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi na kutumika kwa Wakilindi, ukoo wa watawala wa Vuga, na kitabu chake cha Habari za Wakilindi kikapigwa chapa Magila, chini ya milima hii hii. Ni nadra mji wa bara la Afrika Mashariki kupata shahidi kama huyo. Mahali penye kitabu cha namna ile pana haki ya kuwekewa walau jiwe lenye maandishi, ili mtoto wa shule apandaye pale ajue anakanyaga wapi.

Baada ya Vuga ya majani ndipo zikaja zama za matofali, na hapa ndipo penye hatari iliyo karibu zaidi. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel waliingia Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1897 watawa wa Kitrapisti, waliotoka katika abasia ya Mariannhill huko Natal, walikuja hapa Gare, wakapaita Neu-Köln kwa jina la mji wa Köln wa Ujerumani, wakafyeka, wakalima, wakajenga. Na ijapokuwa wao wenyewe hawakukaa zaidi ya miaka kumi hivi, misheni waliyoianzisha ingali hai. Karibu na wakati huo serikali ya Wajerumani iliweka boma lake Lushoto, mahali ilipopaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Msomaji na akumbuke kwamba reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905 tu. Maana yake ni kwamba majengo ya kwanza ya milimani, kwa kila kitu kilichotoka ng'ambo, bati, misumari, bawaba, vioo na kengele, yalipanda genge la Usambara vichwani na mabegani mwa watu, na watu hao walikuwa babu zetu. Mawe yalivunjwa papa hapa, udongo ukakandwa na kuchomwa papa hapa, mbao zikapasuliwa katika misitu yetu. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba majengo haya ni ya Wajerumani, ukweli wake ni nusu, kwani michoro ilikuwa yao na kazi ilikuwa yetu.

Na Mlalo kuna jambo ambalo si la Mjerumani kabisa. Nyumba za ghorofa moja za udongo, zilizopangana katika mteremko, zikiwa na roshani za mbao zilizonakshiwa na paa za bati lililogeuka rangi ya kutu, ni ufundi uliozaliwa palepale kwa mafundi walioona mtindo wa wageni, wakachukua walichokitaka, wakaacha wasichokihitaji, wakajenga kwa udongo wao na kwa kadiri ya viwanja vyao vyembamba. Sijui mahali pengine katika nyanda zetu za juu ambapo mji mzima wa udongo umejengwa kwa adabu kama ile. Nyumba hizo hazina mwaka 1863 wala hazina Waziri; zina wenyewe tu, na wenyewe wanazeeka.

Najua hoja itakayoletwa, na ni hoja ya haki. Mputa, mtawala wa Vuga, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Na boma la Lushoto lilikuwa mahali pa kodi na kiboko kabla halijawa mahali pa kuwahudumia raia. Je, tuyatunze majengo ya walionyonga wazee wetu? Nitajibu kwa habari ya nchi ya mbali. Huko Poland, katika wilaya ya mashamba na mito kaskazini mwa nchi hiyo, imesimama ngome ya Malbork, iliyojengwa kwa matofali mekundu katika karne za kati na mashujaa wa msalaba wa Kijerumani, ambao Wapoland walipigana nao vita vikali hata wakawashinda Grunwald mwaka 1410. Ngome hiyo iliangukia mikononi mwa mfalme wa Poland mwaka 1457, ikaja ikabomolewa sehemu kubwa kwa mizinga mwaka 1945, na Wapoland hao hao, ambao maelfu yao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wakimbizi hapa petu, Tengeru na kwingineko, waliijenga upya tofali kwa tofali, mpaka UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Hawakuijenga kwa kuwapenda walioiweka. Waliijenga kwa sababu historia iliyopita ndani yake ni yao pia, na kwa sababu adui akiisha kushindwa, nyumba yake huwa ushahidi mikononi mwa mshindi. Nasi vilevile, habari ya Mputa itasimuliwa kwa nguvu zaidi mbele ya boma lililosimama kuliko mbele ya duka jipya la vigae.

Tena anayetuharibia si adui, bali ni mtu mwema mwenye fedha za matengenezo. Huona ukuta wa kale wa udongo au chokaa umepasuka, akamwita fundi, na fundi akaupiga lipu ya saruji, ukang'aa. Lakini ukuta wa namna ile hupumua: unyevu wa masika huingia na kutoka, na saruji ikiisha kuufunika, maji hubaki ndani yakaula ukuta kimyakimya, mpaka siku moja lipu inabanduka na vipande vya ukuta, ndipo watu husema jengo limechakaa, bora livunjwe. Katika milima yenye mvua na ukungu kama yetu jambo hili halichelewi. Dawa yake si ghali: udongo kwa udongo, chokaa kwa chokaa, mfereji wa kuondoa maji msingini, na paa lisilovuja. Wazee wanaojua kazi hii wangaliko, nao hawakuandika vitabu.

Kilwa yenyewe, iliyokuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, ilitiwa mwaka 2004 katika orodha ya mahali palipo hatarini, na kwa kazi ya kuimarisha kuta na kuzuia bahari ikatolewa humo mwaka 2014. Yalifanyika hayo kwenye magofu yasiyokaliwa na mtu. Itakuwaje yashindikane kwenye makanisa, shule na nyumba zinazokaliwa kila siku?

Ninayoyaomba ni machache. Halmashauri za Lushoto na Bumbuli na ziketi pamoja na Jimbo Katoliki la Tanga na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, ambazo ndizo zenye majengo mengi ya kale kuliko serikali yenyewe, waandike orodha moja, jengo kwa jengo, kwa picha na vipimo, Gare ikiwemo, Mlalo ikiwemo, na kilima cha Vuga kiwemo hata kama hakina ukuta. Kisha orodha hiyo ipelekwe kwa Waziri, atumie mamlaka aliyopewa na sheria ya mwaka 1964. Na mpaka hilo litimie, jengo lolote la kale lisivunjwe wala lisipigwe saruji kabla ya kupimwa na kupigwa picha. Nawe msomaji wa Usambara, ukiwa na picha ya zamani ya kijiji chenu, au ukiwa na mzee nyumbani aliyewahi kukanda udongo wa kuta zile, nenda kaandike ayasemayo sasa, jina la fundi na la mahali, ukaiache nakala shuleni.