Kona ya Mwalimu: Kabla Kompyuta ya Kikundi Haijafutwa

Kompyuta ya Linux inaweza kupata intaneti kwa kuunganishwa na simu kwa waya. Siku ikikataa, fundi anaweza kusema: "Tufute yote, tuanze upya." Mama, ngojeni kwanza! Hesabu za likelemba zimo ndani.

Linux ina kiini kinachoongoza mashini yote. Kiini hicho ni kama mama jikoni: hashushi kinu mpaka saa ya kutwanga sombe. Vyombo vyake vinaitwa moduli. Kwa simu nyingi za Android, moduli ya kuleta intaneti ni rndis_host.

Kwanza, hakikisheni waya si wa kuchaji tu, na simu imeruhusiwa kugawa intaneti kwa USB. Kisha fungueni Terminali, muandike:

lsmod | grep rndis_host

Jina likitokea, moduli iko kazini. Tafuteni kosa pengine. Pasipo jibu, andikeni:

sudo modprobe rndis_host

Itaomba neno la siri. Herufi zisipoonekana mkiandika, msiogope. Ikinyamaza, imekubali. Ikijibu kwamba haikuiona moduli hiyo, hapo muite fundi.

Amri hizi mbili hazifuti hata ukurasa mmoja wa hesabu zenu. Mkizima kompyuta, moduli inatoka. Kesho ikihitajika mnaiita tena. Na kila juma, nakilini hesabu kwenye flashi, itunzwe na mama mwingine, mbali na kompyuta.