Amplifaya Kuukuu za Vali Zisigeuzwe kwa Pupa

Imeenea fikra miongoni mwa mafundi na wapiga muziki ya kuwa amplifaya kuukuu ya vali, iliyotengenezwa kwa ajili ya hotuba za kanisani, shuleni au katika stesheni ya reli, yaweza kugeuzwa kuwa amplifaya ya gitaa kwa kubadilisha tundu la kuingizia waya tu. Fikra hii ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ni ya usanifu kamili, na sehemu yake ya kwanza haihusu sauti hata kidogo, bali yahusu uhai wa mpigaji.

Ukweli wenyewe ni huu. Amplifaya za mikutano zilizotengenezwa na viwanda kama Bogen huko Marekani na Vortexion huko Uingereza, kabla transista hazijatawala, zilitumia vali zile zile zilizotumiwa katika amplifaya za gitaa: 6L6, 6V6, EL34, EL84. Jim Marshall, aliyeanza kuunda amplifaya zake London mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwauzia wapiga gitaa na waimbaji vyombo vilivyofanana sana kwa ndani. Transfoma za vyombo hivyo vya zamani mara nyingi ni imara, nazo ndizo sehemu ghali zaidi kununua upya. Vali bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Kwa hiyo simlaumu mtu anayeona hasara kukitupa chombo cha namna hiyo.

Lakini tuanze na umeme. Vyombo vingi vya Marekani vya wakati huo vilikuwa na plagi ya miguu miwili, bila waya wa ardhi, na kapasita moja iliyounganisha waya wa umeme wa nyumba na bati la chombo ili kupunguza mngurumo. Kapasita hiyo ikiharibika kwa kupitisha umeme moja kwa moja, bati lote huwa na umeme, na nyuzi za gitaa pia, kwa kuwa zimeungana na bati kupitia waya wa gitaa. Mpigaji akigusa maikrofoni iliyounganishwa na chombo kingine, mwili wake ndio unaokamilisha njia. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey, wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea alipogusa maikrofoni huku chombo kikiwa hakijaunganishwa na ardhi ipasavyo. Basi kapasita hiyo iondolewe, uwekwe waya wa nyuzi tatu, waya wa ardhi ufungwe kwa skrubu kwenye bati, na fyuzi iwe kwenye waya wa moto. Ama vile vyombo vidogo visivyo na transfoma ya umeme kabisa, ambavyo nyuzi za joto za vali zake zimepangwa kwa mfululizo, nashauri viachwe kama vilivyo. Hakuna sauti tamu kiasi hicho.

Ndani yake hatari haiishi kwa kuchomoa plagi. Kapasita za kuchuja umeme huhifadhi volti 300 hadi 450, na kapasita ya mikrofaradi 40 iliyojazwa kwa volti 400 ina zaidi ya jouli 3. Itolewe umeme kupitia rezista, kisha ipimwe kwa voltimita kabla ya mkono kuingia.

Msomaji wetu aliyepata chombo cha Kimarekani ana jambo jingine la kufikiria. Huko umeme ni wa mitetemo 60 kwa sekunde, kwetu ni 50. Transfoma ya kushushia volti 230 hurekebisha volti peke yake. Mitetemo haibadiliki, na usumaku ndani ya chuma huongezeka kwa moja ya tano. Transfoma iliyosanifiwa kwa ubahili itachemka. Iachwe saa nzima ikifanya kazi, huku ikichunguzwa, kabla ya kuaminiwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sauti, na kwenye sababu halisi ya kuipinga ile fikra ya tundu. Mhutubu anataka maneno yake yatoke kama yalivyoingia. Mpiga gitaa hataki hivyo: kwake amplifaya ni nusu ya ala, na namna vali inavyokunja umbo la wimbi inapozidiwa ni sehemu ya muziki. Maikrofoni hutoa milivolti chache, ilhali gitaa likipigwa kwa nguvu laweza kutoa mamia. Katika amplifaya nyingi za mikutano, gridi ya vali ya kwanza hupata volti zake hasi kupitia rezista kubwa sana, ya megaomu 5 au zaidi. Mpango huo wafaa ishara ndogo; gitaa huusonga, sauti ikakatika baada ya kila pigo zito. Dawa yake ni rezista ya omu 1,500 chini ya kathodi, yenye kapasita ya mikrofaradi 25 sambamba nayo, na megaomu 1 kwenye gridi. Mrejesho hasi, uliowekwa ili hotuba isipotoke, upunguzwe. Wengine huuondoa wote. Mimi naona hapo chombo huwa kikali mno na spika hukosa breki.

Kosa linaloharibu vyombo vingi zaidi limo kwenye spika. Ili kulisha spika nyingi kwa waya mrefu, Waingereza walitumia laini ya volti 100 na Wamarekani volti 70, kwa sababu ile ile inayofanya umeme wa taifa usafirishwe kwa volti nyingi. Amplifaya ya wati 30 kwenye laini ya volti 100 inatarajia mzigo wa omu 333 hivi. Anayeifunga kwenye spika ya gitaa ya omu 8 amekosea zaidi ya mara 40: sauti hafifu, na anodi zinazoiva kama kaa la moto. Kama transfoma ina ncha za omu 8 au 16, zitumiwe hizo. Kama haina, itafutwe nyingine yenye uwezo wa wati zinazohitajika. Na chombo kisiwashwe kamwe bila spika.

Kapasita za karatasi zinazounganisha hatua moja na nyingine zibadilishwe zote, kwani uvujaji mdogo tu huharibu vali za mwisho. Chombo kiwashwe mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiendelea kung'aa sana, kuna hitilafu ndani. Baada ya hapo mchoro wa saketi mpya ubandikwe ndani ya kifuniko, pamoja na volti zilizopimwa kwenye kila anodi, kwa ajili ya fundi atakayekifungua tena.