NDEGE VITA: NANI MKALI? ULIZA KWANZA SHERIA ZA MECHI



Kuna ubishi ambao hauishi vijiweni na mitandaoni. Sukhoi ya Mrusi na F-22 ya Mmarekani, ipi kiboko? Mmoja analeta hoja kwamba mwaka 2015 Wahindi waliwachapa Waingereza 12–0. Mwingine anamjibu kwamba mwaka 2006 kule Alaska F-22 iliua 144 bila yenyewe kuguswa. Hapo ligi inaanza, matusi yanafuata, na hela ya intaneti inaisha hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Namba hizo hazikuokotwa barabarani. Zilisemwa na watu wa jeshi wenyewe. Shida ni kwamba tunazisoma kama matokeo ya fainali, wakati zile ni mechi za kirafiki. Na kila mpenda soka anajua mechi ya kirafiki ilivyo: kocha anaweza kuanzisha watoto wa akiba, kukubali wachezaji 11 badilishwe wote, au kuficha mfumo wake asiuone mpinzani.

KUFA KWA MAZOEZI KUKOJE?

Hakuna kombora linalorushwa. Rubani anabonyeza kama vile anarusha, halafu kompyuta na waamuzi wanapiga hesabu: kwa umbali ule na mwendo ule, lingefika au lisingefika? Kama lingefika, mwenzake anaambiwa kwenye redio kwamba amekufa, anatoka. Kwenye mazoezi makubwa ya Marekani yaitwayo Red Flag, ndege za upande wa "adui" zikifa zinaweza kutoka pembeni kidogo kisha zikarudi zimefufuka, ili wanaofundishwa wapate kazi ya kutosha. Sasa hesabu ya maiti wanaofufuka utaichukulia kuwa nini?

MECHI MOJA, MATOKEO MAWILI

Mfano mzuri kuliko yote umetoka Thailand. Novemba 2015 China ilipeleka ndege zake za J-11, ambazo asili yake ni Su-27 ya Mrusi, kwenye kambi ya Korat. Wenyeji walizikabili kwa Gripen, kijindege cha injini moja kutoka Uswidi. Matokeo hayakutangazwa. Mwaka 2019 ndipo rubani mkongwe wa majaribio wa China, Li Zhonghua, alipoyaeleza kwenye mhadhara chuoni, na habari zikavuja.

Walipopigana kwa karibu, macho kwa macho, J-11 ilishinda 25–1. Walipopigana kwa mbali, kwa rada na makombora ya masafa marefu, Gripen ilishinda 41–9.

Soma tena hapo. Ndege ni zilezile, mazoezi ni yaleyale. Kwa karibu, J-11 yenye injini mbili zenye nguvu inakata kona na kupanda inavyotaka. Kwa mbali mambo yaligeuka. Kwa maelezo ya Li, rada ya Gripen ilikuwa inaona kama kilomita 160 na ya J-11 kilomita 120. Kombora la Gripen lilifika kilomita 80, la J-11 kilomita 50. Yaani jamaa anakupiga ngumi wakati mkono wako bado haujamfikia. Nguvu za injini zitakusaidia nini?

Kwa hiyo mtu akikwambia "J-11 iliipiga Gripen 25–1", hajadanganya. Akikwambia "Gripen iliipiga J-11 41–9", naye hajadanganya. Kila mmoja kachukua nusu ya ukweli inayomfaa. China haikununa. Ilisikiliza somo, na kufikia mwaka 2019 ilikuwa inakwenda Thailand na J-10C, yenye rada mpya kabisa.

NANI ANAFAIDIKA NA KIPIGO?

Turudi nyuma, Februari 2004, Gwalior, India. F-15C za Marekani zilikutana na Su-30K, Mirage 2000 na MiG-21 za India zilizoboreshwa. Mbunge wa California, Duke Cunningham, aliyekuwa rubani shujaa wa vita vya Vietnam, aliliambia Bunge la kwao kwamba F-15 zilipigwa zaidi ya asilimia 90 ya mapambano. Dunia ikashtuka. Mmarekani kapigwa na MiG-21!

Ila masharti ya mechi hayakusambaa kwa kasi hiyo. Wamarekani walikuwa wanaingia na ndege 4 dhidi ya 10 hadi 12. Ndege walizopeleka hazikuwa na rada zao mpya. Na walikubali kutotumia uwezo wote wa kombora lao la mbali, AMRAAM. Wahindi walicheza vizuri, hilo halina ubishi, marubani wa Marekani wenyewe walikiri. Lakini uwanja haukuwa sawa.

Sasa jiulize kwa nini jeshi litangaze kipigo chake lenyewe. Wakati ule Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa linapigania fedha za F-22. Mpango wa mwanzo ulikuwa ndege 750, na idadi hiyo ilikuwa inazidi kupunguzwa. Habari kwamba F-15 imezeeka na inapigwa India ilikuwa hoja tamu mezani. Hata hivyo haikutosha: mwaka 2009 iliamuliwa uzalishaji ufungwe, F-22 za kazini zikaishia 187. Cunningham naye mwaka 2005 alikiri mahakamani kula rushwa ya dola milioni 2.4 kutoka kwa wakandarasi wa ulinzi. Sisemi rushwa ile ilihusu F-22. Nasema tu, anayekusomea matokeo naye mchunguze.

Na F-22 yenyewe? Mwaka 2012 Wajerumani walikwenda Alaska na Eurofighter zao, wakarudi wakijisifu kwamba kwa karibu waliibana. Sawa, lakini F-22 imetengenezwa ili isionekane kwenye rada, ikupige kabla hujajua ipo. Kuipeleka kwenye mieleka ya karibu ni kumnyang'anya silaha yake kubwa. Na zile 12–0 za Wahindi dhidi ya Typhoon? Zilikuwa za karibu pia, na Waingereza walizikana.

VITA YENYEWE IKAJA

Mei 2025 India na Pakistan zilipigana kweli angani. Kwa taarifa zilizotoka, ndege zilirushiana makombora kwa mbali, kila upande ukiwa kwake. Pakistan, iliyotumia J-10C za China, ilidai kuangusha ndege 5, baadaye ikasema 6. Mkuu wa majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri kupoteza ndege bila kutaja idadi, akakataa hiyo 6. India nayo ikadai imeangusha za Pakistan, Pakistan ikakana. Hata vita ya kweli matokeo yanabishaniwa, sembuse mazoezi! Lakini jambo moja liko wazi: pambano liliamuliwa na nani anaona mbali, nani anapashana habari haraka na nani ana kombora refu. Yaleyale ya Korat.

SISI YANATUHUSU NINI?

Yanatuhusu sana. Mwaka 2011 Uganda ilinunua Su-30 sita kutoka Urusi. Takribani dola milioni 740 zilitolewa Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha, na wabunge wakaja kupitisha hela iliyokwishaondoka. Siku nchi yako ikiletewa muuzaji mwenye vitabu vya picha nzuri na matokeo ya 12–0, utataka kuwa na maswali mfukoni:

1. Walipigana karibu au mbali?
2. Ngapi kwa ngapi?
3. Silaha gani zilikatazwa?
4. Nani alikuwa na ndege ya rada ya kumwongoza?
5. Anayetangaza matokeo anauza nini?

Na la sita, ambalo halimo kwenye mazoezi yoyote: rubani wetu atapata mafuta ya kuruka saa ngapi kwa mwaka, na vipuri vitatoka wapi? Ndege kali isiyoruka ni pambo la gwaride.

Naomba kuwasilisha. Wataalamu wa anga mliopo, mwageni hoja hapo chini. Ila ukileta namba, leta na masharti yake.