Asali Iuzwe kwa Mizani, Si kwa Macho

Kila mwaka, majira ya kurina asali yanapofika katika sehemu za Mwingi, Kitui na Baringo, mambo hutokea kwa namna moja. Mnunuzi huja na gari lake na ndoo tupu. Mfugaji wa nyuki huleta asali yake, masega na yote, akaimimina ndani ya ndoo. Mnunuzi huitazama, huinua ndoo kidogo kwa mkono, kisha hutaja bei. Mfugaji hulalamika, mnunuzi huongeza shilingi chache, na biashara imekwisha. Jioni mfugaji huwaambia jirani zake kwamba amepunjwa. Lakini ukimwuliza amepunjwa kiasi gani, hawezi kujibu, maana hajui ameuza kilo ngapi, wala hajui kila kilo ilimgharimu shilingi ngapi.

Watu wengi husema kwamba dawa ya jambo hili ni kuwafukuza wanunuzi hao. Mimi sikubali. Mnunuzi ana petroli ya kulipia na safari ndefu, naye hutafuta faida kama mtu mwingine yeyote. Wako wanunuzi wadanganyifu, ni kweli. Lakini hata aliye mwaminifu hataja bei ya chini ikiwa mwenye mali mwenyewe hana bei ya kutaja. Maoni yangu ni kwamba mfugaji mdogo hatapata bei ya haki mpaka ajue mambo mawili kabla ya mnunuzi kufika: uzito wa asali yake, na gharama yake.

Tuanze na uzito. Wengi hudhani kwamba lita moja ya asali ni sawa na kilo moja. Hivyo sivyo. Lita moja ya maji ndiyo kilo moja. Asali ni nzito kuliko maji, na lita moja ya asali safi iliyochujwa ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijazwa asali safi haina kilo 20. Ina kilo 28 hivi.

Sasa fikiri hasara yake. Tuseme, kwa mfano tu, mmepatana bei ya shilingi 300 kwa kilo. Mnunuzi akikuambia, "Ndoo hii ni ya 20, basi chukua shilingi 6,000," nawe ukakubali, umempa kilo 8 bure. Haki yako ilikuwa shilingi 8,400. Umepoteza shilingi 2,400 katika ndoo moja, wala hukuibiwa usiku. Umezitoa mwenyewe mchana kweupe. Mwenye ndoo tano amepoteza shilingi 12,000, na hizo ni fedha za kumsaidia mtoto shuleni.

Asali ya masega haijazi ndoo sawasawa, kwa kuwa ndani mna nta na nafasi za hewa. Kwa sababu hiyo hesabu ya kilo 28 haifai kwa masega, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuyapima kwa mizani. Nunua mizani, au mnunue pamoja watu watano au sita wa kijiji kimoja. Hakikisheni kwamba imekaguliwa na kupigwa muhuri na maofisa wa Serikali wa vipimo na mizani, ili mnunuzi asiwe na neno la kubisha. Pima ndoo tupu kwanza, uandike. Kisha pima ndoo yenye asali, uandike. Tofauti yake ndiyo mali yako.

Wale wanaouza kando ya barabara, kama tunavyowaona kwenye njia ya Marigat kwenda Nakuru, hutumia chupa. Nao wakumbuke hesabu hiyo hiyo. Chupa ya mililita 750 huchukua asali ya kilo moja na zaidi kidogo. Chupa ya nusu lita huchukua gramu 700 hivi. Basi bei ya chupa ndogo isikisiwe kwa kuitazama, bali itokane na bei ya kilo. Mtu auzaye chupa ya nusu lita kwa bei ya nusu kilo anapoteza gramu 200 kila mara anaposimamisha gari.

Jambo la pili ni gharama. Hapa nasikia mtu akisema, "Nyuki hawali majani ya shamba langu, hawanunuliwi chakula, kwa hiyo asali yangu haina gharama." Maneno hayo ndiyo yanayotufanya maskini. Chukua daftari la shule, uandike. Nitatoa mfano, lakini kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe.

Tuseme una mizinga 10, na kila mmoja ulikugharimu shilingi 5,000. Ukidumu miaka 10, kila mzinga unakula shilingi 500 kwa mwaka, na mizinga yote shilingi 5,000. Mavazi ya kurinia na bomba la moshi yalikugharimu shilingi 6,000 na yatadumu miaka sita. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa mwaka. Ulifanya kazi siku 12 kwa mwaka, kusafisha mizinga, kuzuia siafu, kurina na kuchuja. Kama ungefanya kazi kwa jirani angekulipa shilingi 500 kwa siku, basi hizo ni shilingi 6,000. Chupa ni shilingi 2,000, nauli ya sokoni shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 15,000. Ukipata kilo 75 za asali safi, kila kilo imekugharimu shilingi 200.

Sasa unayo bei ya chini kabisa. Ukiuza kwa shilingi 200, umerudisha fedha zako lakini huna faida. Ukiuza chini ya hapo, wewe ndiwe unayemlisha mnunuzi. Tena kumbuka kwamba katika mwaka wa ukame mizinga mingine huhamwa na nyuki, na mavuno yakiwa nusu, gharama ya kila kilo hukaribia kuwa mara mbili. Faida ya mwaka mwema lazima isaidie mwaka mbaya. Mtu anayeuza kwa jumla, bila chupa wala nauli, aondoe gharama hizo katika hesabu, naye anaweza kukubali bei ya chini kidogo. Lakini akubali kwa kujua, si kwa kubahatisha.

Baada ya kusema hayo, lazima niseme na neno ambalo wafugaji hawapendi kulisikia. Hatuwezi kudai bei nzuri kwa asali mbaya. Mizani husema uzito, lakini mnunuzi pia ana ulimi. Bei ya asali huanzia mzingani, siku ile ya kurina.

Mfugaji mwenye haraka hutoa masega ambayo nyuki hawajayaziba. Asali hiyo ina maji mengi, na maji yakizidi sehemu 20 katika kila 100, asali huchacha upesi. Chagua masega yaliyozibwa kwa nta, angalau robo tatu yake. Masega yenye majana yaache mzingani, kwa maana hao ndio watakaokufanyia kazi majira yajayo, na majana yakikamuliwa pamoja na asali huiharibu. Usitie moshi kupita kiasi, kwani asali hushika harufu yake. Chuja kwa kitambaa safi, tia katika chombo kikavu chenye kifuniko, wala usiichemshe juu ya moto ili ishuke upesi. Joto kali huiunguza na kuiondolea harufu yake nzuri.

Nta usiitupe. Katika kilo 10 hadi 15 za asali ya masega hupatikana nta ya kilo moja hivi. Hutumika kutengeneza mishumaa, mafuta ya kupaka mwilini na dawa ya viatu. Mtu anayeuza masega yote kwa bei moja anampa mnunuzi nta hiyo pamoja na asali. Kama bei yake haihesabu nta, ameigawa bure.

Juu ya wale wanaotia maji ya sukari katika asali, sina maneno ya upole. Huyo hajidhuru peke yake. Msafiri aliyedanganywa mara moja barabarani hatasimama tena, hata kwa mfugaji mwaminifu aliye mbele kilomita moja. Atakwenda kununua dukani chupa iliyotoka mbali. Tena wako wanunuzi wanaodhani kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Usigombane nao. Waeleze kwamba asali safi huganda kwa tabia yake, na ukiweka chupa katika maji ya vuguvugu itayeyuka. Mtu aliyeelezwa vizuri hurudi.

Najua kwamba wengine watasema, "Maneno yako ni mazuri, lakini karo inatakiwa wiki hii. Nitangojaje bei nzuri?" Hilo ni swali la haki, wala sitalipuuza. Shida ya fedha ndiyo inayomfanya mfugaji kukubali bei ya kwanza. Lakini asali si maziwa wala nyanya. Ikiwa imekomaa, imechujwa na kufunikwa vizuri, inaweza kukaa miezi mingi bila kuharibika. Kwa hiyo usiuze yote siku moja. Uza sehemu ya kutosha haja ya leo, na sehemu nyingine uiweke mpaka mavuno yapite na asali ipungue sokoni. Wakati ule mnunuzi ndiye atakayekutafuta.

Mtu mmoja mwenye ndoo mbili hana nguvu mbele ya mwenye gari. Lakini wafugaji 20, wakipima kwa mizani moja, wakichuja kwa namna moja, na kuweka asali yao mahali pamoja, wanaweza kumwambia mnunuzi, "Tunazo kilo 500, na bei yetu ni hii." Duka kubwa la mjini nalo halitanunua asali isiyo na alama ya ubora ya KEBS wala karatasi ya kuonyesha uzito na mahali ilikotoka. Mtu mmoja huona gharama hizo ni nzito; kikundi huzigawana. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwashauri wafugaji imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Nendeni kwa Bwana Mifugo wenu mkamwulize, msimngoje mpaka aje.

Miaka ya mwanzo ya 1970 mzinga wa vijiti vya juu ulitengenezwa hapa Kenya kwa msaada wa Kanada, na leo unajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Ni jambo la kujivunia. Lakini mzinga mzuri peke yake haumpi mtu fedha. Mtu anaweza kuwa na mizinga 30 ya mabao mazuri na bado akawa maskini kuliko jirani mwenye magogo 10, ikiwa jirani huyo anapima na kuandika.

Basi kabla ya majira yajayo ya kurina, fanya mambo matatu: pata mizani, fungua daftari, na zungumza na wafugaji wenzako juu ya bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Mnunuzi akija, mkaribishe kwa heshima, mpe kiti, kisha weka ndoo juu ya mizani mbele ya macho yake. Akiwa mtu wa haki atafurahi, na mwaka ujao atarudi kwako. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja.