Bia ya pipa na nyumba yake

Wapo wanaodhani kwamba habari za bia ni za walevi tu, na kwamba watu wazima wenye kazi zao hawana sababu ya kuzijadili. Dhana hiyo ni potofu. Nchini Uingereza wanywaji wa kawaida wamekuwa wakipambana na makampuni makubwa ya bia kwa zaidi ya miaka 50, na mapambano hayo hayakuwa hasa ya bei wala ya saa za kufunga baa. Yalikuwa ya kudai bia iliyo hai, inayonywewa na watu pamoja katika nyumba wanayoijua. Nusu ya madai hayo waliipata. Nusu ya pili inawaponyoka hivi sasa, na sehemu ya lawama ni yao wenyewe.

Kwanza yafaa bia yenyewe ielezwe. Kimea cha shayiri hulowekwa katika maji ya moto. Maji yake matamu huchemshwa pamoja na hopsi, maua makavu yanayotia uchungu na harufu. Yakipoa hutiwa hamira, na hamira ikaila sukari ikatoa kileo. Hadi hapo bia zote ni ndugu. Huachana baadaye. Bia ya kiwanda kikubwa kwa kawaida huchujwa, ikapashwa moto ili hamira yote ife, ikatiwa gesi ya kuisukuma, ikawa tayari kukaa miezi bila kubadilika. Bia ya pipa ya Kiingereza huondoka kiwandani na hamira yake ikiwa hai, ikaendelea kuiva ndani ya pipa katika chumba cha chini ya baa.

Hapo ndipo kazi ya mwenye baa inapoanza. Hulilaza pipa lisitikisike, ili tope la hamira litulie chini kwa msaada wa utando unaotokana na vibofu vya samaki. Hugongomea juu yake kijiti laini kinachoiruhusu gesi ipumue, akalitazama povu linavyotoka, na povu likitulia hukitoa kijiti hicho akaweka kingine kigumu. Kwa siku moja au mbili hana la kufanya ila kungoja na kuonja. Kisha bia huvutwa kwa pampu ya mkono hadi kaunta, bila kusukumwa na gesi yoyote. Watu wa nje hupenda kucheka kwamba Waingereza hunywa bia ya moto. Si ya moto. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 11 na 13 za Sentigredi, yaani ubaridi wa chumba cha chini, kwa kuwa ikizidi kupoa ladha yake hujificha.

Kila painti inayotoka huacha nafasi ndani ya pipa, na nafasi hiyo huingia hewa. Baada ya siku tatu hivi ladha hufifia, kisha bia huchachuka. Msomaji aliyewahi kunywa mbege Kilimanjaro au ulanzi Iringa hana haja ya kuelezwa zaidi jambo hilo. Sasa, pipa linalotumika sana katika baa za Kiingereza, liitwalo firkin, lina galoni 9, nazo ni painti 72. Painti 72 kwa siku tatu ni painti 24 kwa siku. Mtu mmoja hawezi, na akiweza ni mgonjwa. Mpenda bia ya chupa anaweza kununua kreti lake akajifungia nyumbani. Mpenda bia ya pipa hana njia hiyo. Ile desturi ya Waingereza ya kununuliana kwa zamu, kila mmoja akiwaagizia wenzake wote, ni adabu njema, lakini pia ndiyo inayolimaliza pipa kabla halijaharibika.

Katika miaka ya 1960 makampuni makubwa yaliendelea kuvinunua viwanda vidogo kimoja baada ya kingine, na vingi vikafungwa. Yakabaki sita yaliyotawala: Allied, Bass Charrington, Courage, Scottish & Newcastle, Watney Mann na Whitbread. Hayakuwa na viwanda na magari tu. Yalimiliki baa zenyewe kwa maelfu, na mpangaji wa baa hakuruhusiwa kuuza bia ya mwingine. Kwa mabwana hao bia hai ilikuwa usumbufu. Inahitaji fundi katika kila baa, inaharibika, na haifanani kutoka mji mmoja hadi mwingine, basi haitangaziki kwa urahisi. Wakaisukuma mbele bia ya gesi, kama vile Red Barrel ya Watney, ambayo ililetwa mezani kwa mnywaji bila yeye kuulizwa neno.

Mwezi Machi 1971 vijana wanne, Michael Hardman, Graham Lees, Bill Mellor na Jim Makin, walikuwa likizoni katika kijiji cha Dunquin, magharibi kabisa mwa Ireland. Humo humo, katika baa ya watu wengine, wakaunda chama cha kuitetea bia ya kwao. Kilianza nusu kwa mzaha. Chama hicho, ambacho leo hujulikana kwa jina la CAMRA, hakikuwa na kiwanda, baa wala fedha. Wanachama walikuwa na miguu yao, ndimi zao na kalamu. Walikwenda baa kwa baa wakiandika ni wapi bia hai ingali ikiuzwa na ni wapi inatunzwa vyema, wakakusanya maandishi hayo kuwa kitabu. Toleo la mwaka 1974 liliwaonya wasomaji waiepuke bia ya Watney kama mtu anavyoepuka tauni. Mchapishaji akaingiwa na hofu, na maneno yakalegezwa kidogo. Mwaka 1973 waliandamana katika mji wa Stone kupinga Bass Charrington kukifunga kiwanda cha Joule's. Kilifungwa vilevile mwaka uliofuata.

Hata hivyo makampuni yalisikia. Mwaka 1975 chama kiliandaa maonyesho ya bia Covent Garden, London, na watu wakafurika. Bia ya pipa ilianza kurudi katika baa ilikokuwa imefukuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia nchini humo vilikuwa chini ya 200. Leo ni zaidi ya 1,000, na vingi ni vidogo mno, vilivyosaidiwa na punguzo la ushuru lililotolewa mwaka 2002. Ni ushindi ambao vyama vingi vya wanunuzi duniani vingeutamani.

Pamoja na ushindi ukaja ubishi, na ubishi huo wenyewe ni raha. Mtu wa Sussex atamwapia mgeni kwamba hakuna bia kama ya Harvey's inayotengenezwa Lewes. Mtu wa Yorkshire atamcheka, amtajie Landlord ya Timothy Taylor kutoka Keighley, ambayo imetwaa ubingwa wa bia za Uingereza mara nne. Wa Black Country hatawajibu wote wawili. Atawapeleka kwa Batham's, au Sedgley wakaonje bia nyeusi ya Sarah Hughes. Hata namna ya kumimina wanagombania. Kaskazini hupenda kufunga mdomoni mwa bomba kifaa kidogo chenye matundu kinacholeta povu zito kama maziwa ya mgando. Kusini wengi hukiona kifaa hicho kuwa ni wizi wa bia. Ugomvi huo una umri mkubwa na haufai kusuluhishwa.

Wakati wanywaji wakifurahia aina za bia, nyumba zao zilikuwa zikibadili wenyewe. Mwaka 1989 tume ya serikali iliyochunguza ukiritimba iliona kwamba makampuni makubwa yameushika mno usambazaji wa bia. Kampuni yenye baa zaidi ya 2,000 ikaamriwa kuachia nusu ya ziada hiyo, na wapangaji wake wakaruhusiwa kununua bia moja ya pipa kutoka wanakotaka. Nia ilikuwa njema. Lakini amri hiyo ililenga wale waliotengeneza bia, ikawasahau wale wasioitengeneza. Baa zilizouzwa zikakusanywa na makampuni ya majumba, ambayo hayana kimea wala hamira. Biashara yao ni kodi, na kumtaka mpangaji anunue bia kupitia kwao kwa bei yao. Katikati ya miaka ya 2000 makampuni mawili ya namna hiyo, Punch na Enterprise, yalikuwa na baa zaidi ya 7,000 kila moja. Bwana aliondoka mlango wa mbele akaingia bwana mwingine kwa mlango wa nyuma. Amri yenyewe ilifutwa mwaka 2003.

Mwaka 1980 Uingereza ilikuwa na baa karibu 69,000. Sasa ni karibu 45,000. Si zote zilizouawa na kodi. Bia rahisi ya dukani, mishahara isiyotosha na miezi ya maradhi ya 2020, bia ilipomwagwa mifereji kwa kukosa wanywaji, vyote vimechangia. Viwanda vikubwa navyo havikulala. Mwaka 2024 Carlsberg Marston's ilianza kuuza bia iliyokwisha kuandaliwa kiwandani, inayotoka katika pipa la gesi lakini ikimiminwa kwa mpini wa pampu ya mkono, kama kwamba ni ile bia hai. CAMRA ililalamika kwamba mnywaji anapotoshwa, na ililalamika kwa haki. Mpini ule ndio alama pekee anayoiona mnywaji. Chumba cha chini haingii.

Lakini mpini wa uongo hautaiharibu bia hai kuliko ubovu wa bia hai yenyewe, na hapa wapenzi wake wanapaswa kuambiwa ukweli. Wengi wao wamegeuka wakusanyaji. Huingia baa na daftari, wakatafuta bia wasiyowahi kuionja, wakanywa nusu painti, wakaandika, wakaondoka. Kuwaridhisha, mwenye baa ndogo hufunga pampu nane pale ambapo mbili zingetosha. Hesabu ni ile ile: mapipa manane ni painti 192 kwa siku. Katika mji mdogo, Jumanne usiku, zitanywewa na nani? Basi bia ya siku ya tano humiminwa, imelala, ina ukakasi. Na kijana aliyekuja kuijaribu kwa mara ya kwanza huikunja sura, akaagiza bia ya gesi, asirudi tena. Kijana huyo hakupotezwa na kampuni lolote kubwa. Alipotezwa na tamaa ya watu wanaosema wanaipenda bia hiyo.

Baa yenye mapipa mawili yaliyo safi inamheshimu mnywaji kuliko yenye manane yaliyochoka. Na mpenzi wa kweli wa bia ya Lewes au ya Keighley angefanya vyema kuwa na baa moja anayorudi kila wiki, akaijua sauti ya mwenye baa, akamrudishia painti iliyoharibika bila haya na kumsifu kwa iliyotunzwa. Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi, nalo ni umilikaji. CAMRA ilizaliwa kutetea kilicho ndani ya pipa. Leo swali kubwa ni nani mwenye chumba ambamo pipa limelazwa.

Katika kijiji cha Hesket Newmarket, huko Cumbria, swali hilo lilijibiwa bila kelele. Mwaka 1999 watu wa hapo walikinunua kwa ushirika kiwanda kidogo cha bia kilicho nyuma ya baa yao, The Old Crown, na mwaka 2003 wakainunua baa yenyewe. Vijiji vingine vimefuata njia hiyo tangu wakati huo, kwa kuchangishana hisa. Mwanakijiji mwenye hisa katika nyumba ya namna hiyo hahitaji kuhimizwa aende kunywa painti yake. Pipa lililofunguliwa Ijumaa ni lake pia, na likifika Jumatatu kabla halijaisha hasara ni yake.