Tusimlaumu tu Anayevua Kinga ya Masikio

Mwezi huu tuzungumze juu ya masikio ya wale wanaotulisha, yaani baba, kaka na dada zetu wanaofanya kazi penye kelele.

Mwanza yetu ina kelele nyingi za riziki. Zipo mashine za kusaga nafaka mitaani, viwanda vya kuchambua pamba, viwanda vya samaki na mitambo yake ya ubaridi, na karakana za kuchomelea vyuma. Pale Mwanza Kusini meli ya MV Mwanza ilijengwa kwa miaka kadhaa, chuma kikigongwa na kukatwa kwa grenda, hadi iliposhushwa majini Februari 2023. Ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, nao uliajiri vijana wetu wengi kabla halijafunguliwa Juni 2025. Ukivuka daraja hilo kwenda Geita utakuta mgodi mkubwa wa dhahabu, na makarasha ya wachimbaji wadogo yakisaga mawe kutwa.

Mahali pengi pa namna hii wasimamizi wana lalamiko moja: "Tumewapa vifuniko vya masikio, wao wanavitundika shingoni. Sikio la kufa halisikii dawa." Mimi sikubaliani na methali hiyo itumiwe hapa. Wengi wanaovua kinga si wakaidi. Wanavua ili wamsikie mwenzao. Basi anayestahili kuulizwa kwanza ni yule aliyechagua kinga isiyolingana na kazi.

KELELE HUHARIBUJE SIKIO?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, na kazi yake ni kupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha chembe hizo, na zikichoshwa kila siku hufa. Zikisha kufa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzifufua, iwe ya hospitali au ya miti shamba.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Wataalamu wanashauri mtu asikae penye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Zikifika 100, kama ilivyo kwa grenda nyingi, ni dakika 15 tu. Kipimo rahisi ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti ili akusikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele hiyo imekwisha kuwa ya hatari.

KWA NINI WANAVUA?

Tuangalie kazi zenyewe. Dereva wa winchi anamtegemea mwenzake aliye chini amwambie lini ashushe mzigo. Mwendesha folklifti anapaswa kusikia mtu akipiga kelele nyuma yake. Fundi wa injini ya meli huijua hitilafu kwa mlio, hata kabla mshale haujaonyesha kitu. Ukimpa mtu wa namna hii kifuniko kinachoziba kila kitu, umemwambia achague: alinde masikio yake ya uzeeni, au asikie onyo la sasa hivi. Yeyote mwenye akili atachagua kuishi leo. Na yule ambaye masikio yake yamekwisha kupungua nguvu ndiye anayeteseka zaidi, maana akivaa kifuniko hasikii kabisa.

Ubaya ni kwamba kuvua kidogo kidogo hupoteza karibu faida yote. Kifuniko chenye uwezo wa kupunguza desibeli 30, kikivaliwa nusu tu ya muda wa kelele, faida yake hushuka hadi kama desibeli 3. Mfanyakazi anarudi nyumbani akidhani amejikinga, kumbe hakujikinga.

HEDSETI ZENYE MASIKIO YA NJE

Miongoni mwa wanaobanwa sana na tatizo hili ni askari. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, na mlio mmoja tu waweza kuleta madhara ya kudumu. Lakini askari aliyeziba masikio hasikii amri wala hatua za anayemjia. Kwa ajili hiyo zilitengenezwa hedseti za namna ya pekee, ambazo sasa hutumika pia migodini, viwanja vya ndege na penye ujenzi.

Kwa nje ni kifuniko kinachoziba kama vingine. Tofauti ni kwamba kila upande una kinasa sauti kidogo. Kinasa hicho huchukua sauti za chini, kama maneno ya mtu, na kuziingiza ndani. Sauti ikipita kiwango cha usalama, chombo huizuia isipite na nguvu yake. Nyingine zina kinasa mbele ya mdomo na kuunganishwa na redio ya mawasiliano, hivyo watu wawili walio mbali huongea bila kupiga kelele wala kuvua. Betri ikiisha, sauti ya ndani hunyamaza, lakini kifuniko huendelea kukinga.

Sisemi kila mtu anunuliwe chombo hiki. Ni ghali. Kijana anayesaga mahindi peke yake anatoshwa na vizibo vya kawaida vya sponji vya bei ndogo, mradi avivae muda wote. Ninachosema ni kwamba mwajiri apite kazini kwake na kuuliza: hapa nani lazima amsikie nani? Wale wachache, yaani wa winchi, wa folklifti, wa chumba cha injini na kiongozi wa zamu, wapewe hedseti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kinga vinavyofaa. Kifaa ambacho kazi yenyewe inalazimisha kivuliwe, hicho hakifai.

Tena hedseti isiwe kisingizio cha kuacha mashine mbovu ipige kelele. Kwanza mashine itengenezwe, ipakwe grisi, ifungwe bolti zilizolegea, itengwe kwa ukuta, na watu wapeane zamu.

JINSI YA KUITUMIA

1. Vaa kabla hujaingia penye kelele, vua baada ya kutoka.
2. Mto wa kifuniko ugusane na ngozi pande zote. Kofia, kilemba, misuko minene na vipini vya miwani huacha upenyo, na kelele hupita hapo.
3. Usiongeze sauti ya redio mpaka mwisho. Sauti inayotoka ndani ya hedseti nayo yaweza kudhuru. Na isiwe ya kusikilizia muziki.
4. Futa jasho kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila mwisho wa zamu. Ni afadhali kila mtu awe na yake. Mito ikikakamaa au kupasuka, ibadilishwe.
5. Anayetoka usaha sikioni aje kituo cha afya kwanza. Asizibe sikio bovu.
6. Penye kelele kali mno, kama ya kutoboa miamba, vizibo vya sponji huvaliwa pia chini ya kifuniko.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Mgonjwa mwenyewe huchelewa kujua. Anayetangulia kuona ni mke, mume au watoto: baba anaongeza redio kupita kiasi, anajibu asichoulizwa, anaepuka mazungumzo ya jumuiya kwa sababu hasikii wengi wakisema pamoja. Masikio yakivuma au kulia baada ya kazi, hiyo ni dalili ya mwanzo. Mpelekeni akapimwe mapema, na akihitaji daktari wa masikio atapelekwa hospitali ya rufaa kama Bugando. Aliyeumia kwa sababu ya kazi asinyamaze, amjulishe mwajiri, kwani upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Wapendwa, anayepoteza usikivu hapotezi sauti za mashine peke yake. Anapoteza maneno ya wajukuu wake. Kwa hiyo akirudi kazini mkamwona kifuniko kiko shingoni, msianze kwa kumgombeza. Mwulizeni: "Ukikivaa, unashindwa kumsikia nani?" Jibu lake alipeleke kwa msimamizi wake.